SAFARI YA MBALI NA KAZI YA KUJITOLEA

Masomo ya Redio kwa Watu Wazima: Somo la 22

Maneno ya somo hili. Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla ya kipindi kuanza.

Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari yako bila kutafuta mshahara.
Mwaliko: maneno au barua ya kumwita mtu.
Viza: ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu.
Bima: mapatano ya kulipiwa gharama ukipatwa na ugonjwa au hasara.
Orodha: vitu au majina yaliyoandikwa moja baada ya moja.

Mwenye kitabu afungue ukurasa wa somo hili. Asiye na kitabu akae karibu na mwenzake, wasome pamoja.

Juma lililopita tulipokea barua kutoka darasa la Lugoba, katika barabara ya Chalinze kwenda Segera. Imeandikwa kwa mkono, na aliyeiandika ni mama mmoja ambaye mwaka juzi hakuweza kuandika jina lake. Nitawasomea.

"Mwalimu wa redio, salaam. Binti yangu amemaliza masomo ya uuguzi na bado hajapata kazi. Ameletewa ujumbe katika simu kwamba anaalikwa kwenda Nepal, huko Asia, ajitolee miezi sita katika nyumba ya watoto yatima. Wanasema ataona milima mirefu kuliko yote duniani. Lakini kwanza apeleke shilingi milioni mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yake anataka tuuze eka mbili za shamba. Mimi naogopa. Na mdogo wangu anatucheka, anasema watu wa Lugoba hawakuzaliwa kwenda Asia. Je, tuuze shamba?"

Mama yetu, asante kwa barua yako. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la mdogo wako: Je, watu wetu wanaweza kwenda Asia? La pili ni lako: Je, muuze shamba? Tutaanza na lile la kwanza, kwa sababu jibu lake litatusaidia kupata jibu la pili.

1. Watu wa pwani hii na nchi za Asia

Simama ufukweni Bagamoyo, utazame mashariki. Mbele yako ni Unguja, na nyuma ya Unguja ni bahari kuu. Ng'ambo ya bahari hiyo ni Asia: Arabuni, India na nchi nyingine. Tangu zamani pepo mbili zimezifunga nchi hizo pamoja na yetu. Kaskazi huvuma kutoka huko na kuleta majahazi kwetu. Kusi huvuma kutoka kwetu na kuyarudisha. Basi safari ya Asia si jambo geni katika pwani hii.

Lakini tuseme kweli. Wengi wa watu wetu waliofika Asia zamani hawakwenda kwa hiari. Walikamatwa wakauzwa. Mmoja wao alikuwa Myao, jina lake Mubarak. Alikamatwa angali mtoto, akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja. Watu wakamwita Bombay, jina la mji ambao leo huitwa Mumbai. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipotaka kwenda kwenye Ziwa Tanganyika, walimchukua Mubarak. Speke hakujua Kiswahili, lakini yeye na Mubarak wote wawili walijua Kihindustani. Lugha aliyoipata katika taabu ikawa ndiyo riziki yake. Baadaye, kati ya mwaka 1873 na 1875, Mubarak alisafiri na Mwingereza Cameron kutoka Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi. Yaani alilivuka bara la Afrika kutoka pwani hata pwani.

Mwingine alikuwa Salim bin Abakari, Mngazija. Yeye alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, akafuatana naye mwaka 1896 katika nchi ya Urusi, wakafika Siberia na Asia ya Kati, mahali ambapo watu wengi hawajapata kumwona mtu mweusi. Habari za safari yake zilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Na ndani ya kitabu hicho hicho, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ameeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Udoe na Uzigua, ndugu zangu, ni majirani wa Lugoba. Basi nchi yenu na Siberia zimo katika kitabu kimoja.

2. Siku arobaini na tano baharini

Sasa nitawaambia habari za safari moja kwa kirefu.

Mwaka 1864 Dk. Livingstone alikuwa na meli ndogo ya moshi jina lake Lady Nyassa. Urefu wake ulikuwa futi 115. Ilitengenezwa kwa kazi ya ziwani, wala si kwa bahari kuu. Alitaka kuiuza, lakini aliogopa isije ikaangukia mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Akaamua kuipeleka Bombay yeye mwenyewe.

Walitoka Unguja tarehe 30 Aprili, mwanzo wa kusi. Wazungu walikuwa wanne pamoja na Livingstone. Waliobaki walikuwa watu wazima saba wa upande wa mto Zambezi, na wavulana wawili. Wale saba hawakuwa mabaharia. Walikuwa watu wa mtoni waliojitolea kwenda. Kati yao walikuwamo Susi na Amoda. Mmoja wa wale wavulana aliitwa Chuma. Huyu alikuwa Myao, naye aliokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861.

Mwendo ulikuwa maili 2,500. Makaa ya meli yalikuwa machache, kwa hiyo walitegemea tanga. Siku nyingi upepo ulikatika kabisa, meli ikakaa pale pale kama kigogo. Walijua kwamba wakichelewa, tufani za mwezi wa Juni zitawakuta karibu na pwani ya India. Watu wa mtoni wakajifunza kazi ya ubaharia humo humo njiani. Tarehe 13 Juni, siku ya arobaini na tano, waliingia bandari ya Bombay.

Je, walifanya nini huko? Livingstone alikwenda zake Ulaya. Susi na Amoda wakabaki, wakafanya kazi bandarini. Chuma na mwenzake wakatiwa shule. Walikaa hivyo zaidi ya mwaka mzima katika mji mkubwa wa ugenini, mpaka Livingstone aliporudi. Mwezi wa Januari 1866 walirejea Unguja pamoja naye. Walifuatana pia na vijana wa Kiafrika kutoka shule moja karibu na mji wa Nasik. Vijana wa shule hiyo walikuwa watumwa waliookolewa baharini na kupelekwa India. Huko walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono kama useremala na uhunzi.

3. Mtu aliyejua kuandika

Miaka ilipita. Mwaka 1872 vijana wengine sita waliosoma Nasik walimfuata Livingstone bara. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Mwezi wa Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Fikirini hali ya watu wale. Bwana wao amekufa. Vitu vyake vipo: vitabu, vipimo, nguo. Watakapofika pwani, nani atasadiki kwamba hawakumwibia? Basi walimwambia Jacob akae chini aandike. Kila sanduku lilifunguliwa mbele ya watu wote, na Jacob akaandika orodha ya vitu vyote vilivyomo. Halafu wakafanya shauri kuuchukua mwili mpaka pwani. Hapana mkubwa aliyewaamuru. Wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaondoka. Walipokaribia Unyanyembe, Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob. Huko Unyanyembe walikutana na Cameron, naye akawashauri wauzike mwili pale pale, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Walikataa.

Mwendo wao ulikuwa zaidi ya kilomita 1,600. Wengine walikufa njiani. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika misheni. Mkienda Bagamoyo leo mtaonyeshwa mahali hapo.

Na shukrani yao? Walilipwa mishahara yao, wakaambiwa waende zao. Jacob peke yake ndiye aliyepelekwa Uingereza na ule mwili akahudhuria maziko. Susi na Chuma waliitwa baadaye, wakasaidia kueleza maandishi ya marehemu ili yachapwe kuwa kitabu. Nishani ilitengenezwa kwa ajili ya wachukuzi wale, lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Kwa nini nimewaeleza habari hizi? Kwa sababu mna mafundisho matatu. La kwanza: watu hawa walifaa ugenini kwa sababu walijua kazi, au walikuwa tayari kujifunza. La pili: katika saa ya hatari, kalamu ya mtu mmoja iliwalinda wote wasishtakiwe wizi. La tatu: mtu anaweza kujitolea kwa moyo wake wote na bado asikumbukwe. Kwa hiyo mapatano na yajulikane mapema.

4. Kujitolea siku hizi

Siku hizi mambo yamebadilika. Ndege humfikisha mtu India kwa saa chache. Watu wetu huenda Asia kusoma, kufanya biashara, kupanda milima na kujitolea. Wilfred Moshi, Mtanzania aliyekuwa mwongoza wageni katika Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest mwaka 2012. Kilimanjaro una meta 5,895, na Everest, mpakani mwa Nepal na China, una meta 8,849. Tazameni jinsi alivyofanya: alianza na mlima wa kwao, akaijua kazi yake, ndipo akaenda kwenye mlima mkubwa zaidi.

Basi mdogo wake mama wa Lugoba amejibiwa. Mtu wa Lugoba anaweza kwenda Asia. Neno lililobaki ni kujua namna ya kwenda. Mtu mwenye mwaliko na aulize mambo matano.

Swali la kwanza: Nani ananiita? Mwaliko wa kweli una jina la chama, mahali kilipo, na watu wanaoweza kuulizwa habari zake. Nitawapa mfano mmoja. Umoja wa Mataifa una idara yake ya watu wa kujitolea, iliyoanzishwa mwaka 1970, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Idara hiyo haimtozi mwombaji hata shilingi moja. Anayechukuliwa kwenda nchi nyingine hulipiwa nauli, hupewa fedha za kujikimu, na hukatiwa bima. Kuna vyama vidogo vya kweli ambavyo huomba mchango wa chakula na malazi. Lakini chama cha namna hiyo kiko tayari kueleza kila shilingi inakwenda wapi, wala hakikuharakishi. Anayesema "lipa kabla ya Ijumaa, nafasi zinakwisha" anakuzuia usifikiri.

Swali la pili: Nitafanya kazi gani? Hapa nataka mfikiri kama wenyeji. Wageni wengi huja nchini kwetu kujitolea, na baadhi yao mmewaona. Yupo anayekuja kufundisha bila kujua kufundisha. Yupo anayejenga ukuta, na fundi wa kijiji akaubomoa usiku na kuujenga upya. Yupo pia mkunga aliyekuja na ujuzi wake, akakaa na wakunga wetu, akafundisha na kufundishwa. Ninyi mlimpenda yupi? Basi ukienda kwa watu, uwe kama huyo.

Na juu ya nyumba za watoto nitasema wazi. Huko Nepal na Kambodia ilionekana kwamba watoto wengi waliomo katika nyumba zilizoitwa za yatima wana mzazi aliye hai. Wazazi maskini waliahidiwa kwamba watoto wao watasomeshwa mjini. Kumbe baadhi ya wenye nyumba walitaka watoto ili wageni waje, na wageni walete fedha. Tetemeko kubwa lilipoipiga Nepal mwezi wa Aprili 2015, hofu ya watoto kuchukuliwa namna hiyo ilizidi. Mgeni mwenye moyo mwema hulipa fedha zake, hucheza na watoto miezi miwili, kisha huondoka. Na mtoto hubaki mbali na mama yake. Mama yetu wa Lugoba, wewe ni mzazi. Ungependa mwanao awekwe hivyo?

Swali la tatu: Nitaingia kwa karatasi gani? Watu wengi huambiwa, "Chukua viza ya utalii tu, ukifika tutatengeneza." Jihadharini. Viza ya utalii ni ya kutembea. Katika nchi nyingi, kazi isiyo na mshahara nayo huhesabiwa kuwa kazi. Nepal hairuhusu mwenye viza ya utalii kufanya kazi, hata ya kujitolea. Mtu akikamatwa, atakayeadhibiwa ni yeye, si yule aliyemwita. Ulizeni ubalozi wa nchi ile, wala msimwulize aliyewaalika peke yake.

Swali la nne: Nani atalipa, na atalipa nini? Msiulize nauli ya kwenda tu. Ulizeni nauli ya kurudi, chakula, malazi, na bima ya matibabu. Msafiri asiye na nauli ya kurudi hana uhuru wa kusema "sitaki".

Swali la tano: Nani atashika pasipoti yangu? Jibu ni moja: wewe mwenyewe. Mtu wa mpakani ataitazama na kukurudishia. Mwajiri au mwenyeji anayetaka kukuwekea amekwisha kukuonyesha tabia yake. Kabla ya kuondoka, acha nakala ya pasipoti na ya barua ya mwaliko nyumbani, mahali panapojulikana. Patana na watu wako siku ya kupiga simu. Patana nao pia neno moja la siri, ukilitaja wajue umo katika shida.

Na mwenye kutaka kutembea tu, bila kazi, huyu naye ana adabu zake. Ajifunze maneno ishirini ya lugha ya wenyeji: salamu, asante, maji, njia, gharama. Aulize kabla ya kumpiga mtu picha. Akipanda milima, apande pole pole, kwa maana ugonjwa wa mahali pa juu humpata hata kijana mwenye nguvu. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, asizidi kupanda. Hali ikizidi kuwa mbaya, dawa ni kuteremka.

5. Jibu kwa mama wa Lugoba

Mama, usiuze shamba. Si kwa sababu binti yako hafai kwenda. Anafaa, ana elimu ya uuguzi. Lakini mwaliko huu umekuja kwa ujumbe wa simu, unadai fedha kwa haraka, na unamwita muuguzi akakae na watoto ambao hamjui wametoka wapi. Mwambie baba yake kwamba shamba likiuzwa halirudi, lakini barua haina gharama kubwa. Basi kaeni wote watatu mwandike barua. Darasa zima liandike pamoja nanyi:

"Kwa mkuu wa chama. Tumepata mwaliko wenu. Tafadhali tujibuni kwa maandishi. Chama chenu kimeandikishwa wapi, na kwa namba gani? Muuguzi atafanya kazi gani, chini ya nani? Ataingia kwa viza gani? Fedha mnazotaka ni za nini, na nauli ya kurudi italipwa na nani? Watoto walio kwenu wana wazazi? Tupeni jina la mtu mmoja aliyekwisha kufanya kazi kwenu, ili tumwulize. Hatutapeleka fedha kabla ya kupata majibu haya."

Wasipojibu, mmepata jibu. Wakijibu, mtasoma wenyewe, bila kumtafuta mtu wa kuwasomea, nanyi mtapeleka majibu hayo ubalozini yakachunguzwe. Wakati mnangoja, binti na aende katika kituo cha afya kilicho karibu aulize kama anaweza kusaidia, na akubaliwe kwa maandishi. Vyama vya kweli hutaka kujua umefanya kazi gani. Miezi sita ya kazi ya Lugoba ikiandikwa vizuri katika cheti ni kitu cha kuonyesha mahali popote.

Maswali

1. Susi na Amoda walifanya kazi gani Bombay?
2. Kwa nini Jacob Wainwright aliandika orodha ya vitu?
3. Taja maswali matano ya kumwuliza anayekualika.
4. Viza ya utalii ni ya kufanya nini?
5. Zungumzeni darasani: Mgeni wa kujitolea akija kijijini kwenu, mtamwuliza mambo gani?

Kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi alete darasani karatasi moja aliyo nayo nyumbani: cheti, risiti, au hati ya shamba. Aisome kwa sauti mbele ya wenzake, na aeleze inamwahidi nini na inamdai nini.

Darasa la Lugoba, tukipata barua yenu ya pili tutaisoma hapa. Kwaherini, mpaka somo la 23.